Mwongozo kamili: safari ya kujitolea kwa kikundi baada ya kidato cha sita

Mtihani wa kidato cha sita ukiisha mwezi Mei, vikundi vya WhatsApp hufunguliwa kila kona. Wiki ya kwanza wanajiunga watu 30. Wiki ya pili fulana zimeshachorwa. Wiki ya tatu watu wanaulizana pesa iko kwa nani, na safari inafia hapo.

Vikundi vinavyofanikiwa kuondoka navyo vina matatizo yao. Kuna wanaofika shuleni Juni wakakuta wanafunzi wako likizo. Kuna wanaopanda miti Agosti, jua likaimaliza kabla ya vuli. Kuna wanaoshinda saa chache kwenye makao ya watoto, wakagawa sabuni, wakapiga picha, wakaondoka.

Yote haya chanzo chake ni kimoja: watu wanapanga safari kwanza, kazi wanaitafuta baadaye. Humu mpangilio umegeuzwa. Tunaanza na mwenyeji, kisha kazi, kisha tarehe. Basi linakuja mwisho. Mfano nitakaoutumia ni wa vijana wanane kutoka Dar es Salaam wanaokwenda kukaa wiki mbili kwenye sekondari ya kata wilayani Lushoto, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, lakini hatua ni zilezile hata mkienda Kilwa, Kasulu au Mbinga.

## Mahitaji

Karatasi
- Kitambulisho cha taifa (NIDA), au angalau namba yake, na nakala ya cheti cha kuzaliwa.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakoishi.
- Barua ya ridhaa ya mzazi au mlezi. Kwa aliye chini ya miaka 18 hakuna kuondoka bila barua hii. Kwa wengine iandikwe pia, kwa sababu mzazi aliyesaini ndiye atakayepokea simu saa nane usiku.
- Barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji.
- Karatasi moja yenye namba za wazazi wote, nakala mbili: moja kwa kiongozi, nyingine kwa mwenyeji.

Afya
- Chandarua chenye dawa kwa kila mtu, na kadi ya bima kwa mwenye nayo.
- Sanduku la huduma ya kwanza: gozi, bendeji, glovu, dawa ya kusafishia vidonda, dawa ya maumivu, pakiti za ORS (chumvichumvi za kunywa mtu akiharisha), vidonge vya kutibu maji.
- Dawa binafsi za kutosha siku zote na za ziada za wiki moja. Mwenye pumu au selimundu aseme mapema. Lushoto ni baridi kali Juni hadi Agosti, na baridi inaweza kuamsha maumivu ya selimundu. Huyo anahitaji nguo nzito, maji ya kutosha, na ushauri wa daktari wake kabla ya kukubali safari.

Kazi na kambi
- Mitihani ya miaka iliyopita ya kidato cha pili na cha nne, imechapishwa.
- Kaunta buku mbili, chaki, kalamu, kamusi.
- Sufuria mbili kubwa, ndoo zenye mifuniko, tochi, pawabenki, sweta na blanketi.

Fulana za kikundi hazimo kwenye orodha. Pesa hiyo inachapisha mitihani ya darasa zima.

## Hatua ya 1: Punguzeni kundi

Sita hadi kumi wanatosha, na wanane ndiyo idadi ninayoipenda. Wanalala kwenye vyumba viwili, wanakula sufuria moja, na kila mmoja ana kazi inayoonekana. Wakifika 15, mwenyeji anageuka kuwa mpishi wenu.

Gawaneni majukumu siku hiyohiyo: kiongozi, mhazini, wa huduma ya kwanza, wa jikoni, na mwandishi wa kumbukumbu. Mkiwa wavulana na wasichana, kiongozi awe na msaidizi wa jinsia nyingine. Kuna mambo msichana hatamweleza mvulana, na asipopata wa kumweleza atanyamaza nayo.

Kipimo cha kujua mko tayari: kila mtu amelipa kiasi kidogo cha kuanzia, hata 10,000. Asiyelipa ndani ya wiki moja si mwanakikundi, na asihesabiwe kwenye bajeti.

## Hatua ya 2: Tafuteni mwenyeji kabla ya kitu kingine

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwenyeji ni mtu mwenye mamlaka ya kuwapokea na kazi ya kuwapa: mkuu wa shule, mtendaji wa kijiji, mganga mfawidhi wa zahanati, viongozi wa kanisa au msikiti. Njia ya haraka ni kupitia mtu mnayemjua. Miongoni mwenu wanane yupo mwenye shangazi mwalimu, au mjomba anayeishi huko. Anzeni na hao.

Kwenye simu ya kwanza msitoe ahadi wala orodha ya mnayotaka kufanya. Semeni hivi:

*"Shikamoo mwalimu. Naitwa fulani, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Tuko wanane. Tungependa kuja kujitolea kwa wiki mbili, lakini hatujapanga chochote bado. Tunaomba kujua ni jambo gani hapo shuleni mnalihitaji na walimu wenu hawalifikii kwa sasa?"*

Halafu nyamazeni, msikilize. Mkuu wa shule anayesema "kidato cha pili wana mwalimu mmoja wa hisabati kwa mikondo minne" amewapa kazi. Anayesema "njooni tu, kazi zipo" hajawapa. Muulizeni tena kwa upole baada ya siku mbili, na asipokuwa na jibu, tafuteni pengine.

Onyo: mwenyeji anayetaka mtume pesa ya "usajili" kwenye namba yake binafsi kabla ya barua yoyote, mwacheni.

Kuhusu makao ya watoto. Najua ndiko mioyo ya wengi inakoelekea, na nia ni njema. Lakini mtoto aliyezoea kuachwa hahitaji marafiki wapya wanane watakaoondoka baada ya siku chache. Wengi wa watoto hao wana mzazi au ndugu aliye hai, na sura zao hazipaswi kuzunguka kwenye simu za watu. Mkitaka kusaidia makao, nendeni kwanza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Atawaambia kama kituo kimesajiliwa na kinahitaji nini. Mara nyingi kuna kazi isiyowagusa watoto kabisa: kupaka rangi, kulima bustani, kupanga stoo.

Hatua hii imekamilika mkiwa na sentensi moja ambayo mwenyeji mwenyewe ameikubali. Kwa mfano wetu: "Kuwasaidia wanafunzi wa kidato cha pili hisabati na Kiingereza kila jioni na Jumamosi, kwa wiki mbili, chini ya mwalimu wa somo."

## Hatua ya 3: Linganisheni kazi na majira

Shule za serikali hufunga Juni na kufungua Julai. Mitihani ya darasa la saba hufanyika Septemba. Ile ya kidato cha pili na cha nne kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Kwa hiyo nusu ya pili ya Julai na Agosti ni wakati mzuri wa kusaidia sekondari. Msiombe darasa la saba mwishoni mwa Agosti. Mwalimu wao yuko kwenye marudio ya mwisho na hataki sura ngeni.

Miti nayo ina saa yake. Usambara ina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mche unaopandwa Agosti utamwagiliwa na nani mkiondoka? Mkitaka kazi ya miti katika kiangazi, fanyeni ya kitalu: kuchanganya udongo wa msituni, samadi iliyooza na mchanga, kujaza viriba (vifuko vya kuoteshea miche), kuvipanga chini ya kivuli. Au chimbeni mashimo ya miti ya matunda yenye kina cha sentimita 60, mkitenganisha udongo wa juu na wa chini, ili vuli ikianza wenyeji wapande tu.

## Hatua ya 4: Kagueni kalenda yenu wenyewe

Mambo matatu huvunja safari za wahitimu wa kidato cha sita.

La kwanza ni JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Majina ya wanaokwenda kwa mujibu wa sheria hutoka karibu na mwisho wa Mei, na mafunzo huchukua takriban miezi mitatu. Msilipie chochote kabla orodha haijatoka. Walioitwa wanaweza kupanga safari yao ya Septemba, na hapo kitalu na mashimo vinafaa zaidi kuliko darasa, maana shule nyingi hupumzika kidogo mwezi huo.

La pili ni mkopo. Dirisha la Bodi ya Mikopo huwa wazi miezi hii hii, na fomu inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi), mdhamini, na saini za viongozi wa mtaani kwako. Hayo hayafanyiki ukiwa mlimani. Malizeni kabla ya kuondoka. Aliyekosa mkopo kwa sababu ya safari ya kujitolea atawaonya wadogo zake wote wasijitolee kamwe, na atakuwa na haki.

La tatu ni maombi ya chuo, ambayo hufunguliwa baada ya matokeo ya Julai. Haya yanawezekana kwa simu. Tengeni siku moja ya kushuka Lushoto mjini kwenye mtandao mzuri, kila mtu akiwa na namba yake ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita.

Kwa wasomaji wa Kenya, KCSE huisha Novemba na vyuo huanza kupokea wanafunzi karibu na Agosti, hivyo nafasi yenu ni ndefu zaidi. Muhula wa kwanza, kuanzia Januari, ni mzuri kwa shule. Mahali nilipoandika mtendaji wa kijiji, ninyi wekeni chifu na naibu wake.

## Hatua ya 5: Barua na ruhusa

Mkishakubaliana kwa simu, andikeni barua ya ukurasa mmoja: ninyi ni akina nani, kazi ni ipi, tarehe za kufika na kuondoka, mtalala wapi, mtakula nini, nani anawajibika. Mkuu wa shule ajibu kwa maandishi. Kwa shule ya serikali, mwombeni aipeleke nakala kwa Afisa Elimu wa kata na kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Halmashauri. Yeye anajua mlolongo wa pale kwao.

Sababu ni rahisi. Kijijini, mgeni asiyeandikwa kwa mtendaji ni mtu wa kushukiwa. Siku simu ikiibwa au mtoto akiumia, barua ndiyo itakayosema mlikuja kwa heri.

## Hatua ya 6: Pesa

Pesa isikae kwa mtu mmoja. Tumieni huduma ya akiba ya vikundi kwenye simu, kama M-Koba, ambako wanachama wanaona kinachoingia na kutoka. Mhazini aandike kila risiti kwenye kaunta buku siku hiyohiyo.

Bei hubadilika, hivyo pangeni kwa kiasi. Watu wanane kwa siku 14 wanahitaji takriban kilo 56 za unga na mchele kwa pamoja, kilo 14 za maharage, lita 5 za mafuta na kilo 4 za sukari. Mboga, nyanya, vitunguu na viazi mtanunua kulekule. Lushoto ni nchi ya mboga, na pesa mnayoitumia kwenye gulio lao inabaki kwao. Ongezeni kuni au mkaa, nauli ya kwenda na kurudi, na akiba ya dharura isiyopungua sehemu moja ya kumi ya bajeti yote.

Nauli ya kurudi ilipwe au itengwe kabla ya kuondoka, na isiguswe hata kwa mkopo wa siku moja.

## Hatua ya 7: Safari yenyewe

Kateni tiketi pamoja, basi la asubuhi kutoka Stendi ya Magufuli. Mabasi ya usiku yamerudi tangu Oktoba 2023, lakini kikundi kigeni hakina sababu ya kufika mlimani gizani. Njia inapita Segera na Korogwe hadi Mombo, kisha basi linapanda kona za mlima kilomita 30 hivi. Mwenye kutapika akae mbele na ale kidogo.

Kiongozi ahesabu watu kila basi linaposimama. Apige simu kwa mwenyeji mkifika Mombo, na kwa mzazi mmoja aliyeteuliwa kuwajulisha wengine mkishashuka.

## Hatua ya 8: Siku ya kwanza, kazi isianze

Siku ya kwanza ni ya kusalimia. Nendeni na mwalimu aliyepangwa mpaka ofisi ya kijiji, msaini kitabu cha wageni, mjitambulishe kwa mwenyekiti. Wakubwa shikamoo, hata fundi anayeezeka paa. Wasichana wawe na khanga au vitenge vya kujifunga, wavulana suruali ndefu.

Ulizeni mambo manne: maji ya kunywa yanatoka wapi, zahanati iko umbali gani, ni wapi pasipofaa kutembea jioni, na nani apigiwe simu usiku.

Someni pamoja, kwa sauti, kanuni za kikundi. Ya kwanza kabisa: hakuna uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi, hakuna kupeana namba za simu kwa siri, hakuna kubaki na mwanafunzi mmoja kwenye chumba kilichofungwa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mimba mwanafunzi au kumwoa ni kifungo cha miaka 30. Mkiona au mkisikia mtoto anaumizwa na mtu yeyote, mjulisheni mwalimu mlezi na mpige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Picha: hakuna sura ya mwanafunzi bila ruhusa ya shule na ya mzazi wake. Pigeni mikono, madaftari, ubao.

## Hatua ya 9: Darasani

Kazi yenu si kufundisha mada mpya. Mwalimu yupo. Ninyi mnazo jioni, subira, na kumbukumbu ya karibuni ya jinsi mada hizo zilivyowatesa.

Mwombeni mwalimu wa somo mada tatu tu wanazoanguka. Gawanyeni wanafunzi kwenye vikundi vya watano hadi saba, kila kikundi na mmoja wenu, kikundi kilekile hadi mwisho.

Kisha fanyeni hivi. Chukua swali la mtihani uliopita, mfano huu: mfanyabiashara alinunua gunia la viazi kwa shilingi 60,000, akaliuza kwa 75,000, tafuta asilimia ya faida. Kwenye karatasi limeandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo kitanzi kilipo. Mwanafunzi huyu alisoma miaka saba kwa Kiswahili. Anajua kutoa, anajua kugawanya, lakini hajui ameulizwa nini. Ataona namba mbili, atatoa 60,000 kwenye 75,000, atapata 15,000, ataweka kalamu chini.

Kwa hiyo:

1. Funika namba kwa kidole. Asome swali kwa sauti.
2. Aeleze kwa Kiswahili: nani kafanya nini, na wanataka nini? Asiguse kalamu kabla hajajibu.
3. Sasa akokotoe peke yake. Wewe nyamaza, hata akikosea. Wengi watagawa 15,000 kwa 75,000 na kupata asilimia 20. Usimwambie "kosa". Muulize: "Huyu mfanyabiashara alitoa mfukoni kiasi gani?" Atarudi mwenyewe kwenye 60,000 na kupata asilimia 25.
4. Amweleze jirani yake alivyopata.

Ni taratibu, na jioni moja mtamaliza maswali manne tu. Msiharakishe. Maswali manne yaliyoeleweka yanazidi 20 yaliyonakiliwa ubaoni.

Kila jioni mwandishi aandike kwenye kaunta buku ya pili: mada, kosa lililojirudia, swali lililosaidia. Majina ya wanafunzi yasiandikwe.

Mtajua mmefika pale mwanafunzi aliyekuwa kimya siku ya kwanza anapomfunika mwenzake namba kwa kidole na kumwambia aeleze kwanza.

## Hatua ya 10: Kambi isivunjike

Ugomvi huja siku ya nne au ya tano, na karibu kila mara unatokana na vyombo, usingizi au pesa. Wekeni zamu za kupika na kuosha ukutani, kwa majina. Kila usiku kaeni dakika 15: nini kimekwenda vizuri, nini kinakera, kesho nani anafanya nini. Jambo lisemwe hapo, lisipelekwe kwenye simu.

Chemsheni maji ya kunywa. Mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo zahanati, asipewe dawa za kubahatisha kutoka kwenye begi la rafiki. Mtu akizidiwa, arudishwe nyumbani na mwenzake mmoja. Hii ndiyo kazi ya ile akiba.

## Hatua ya 11: Makabidhiano

Siku mbili za mwisho msianzishe kitu kipya. Kaeni na mwalimu wa somo, mpitieni kaunta buku ya makosa ukurasa kwa ukurasa, muiache kwake. Acheni pia mitihani yote iliyochapishwa. Chagueni kwenye kila kikundi wanafunzi wawili watakaoendelea kuongoza wenzao jioni, na mwalimu awatangaze mbele ya darasa.

Msiahidi kurudi, wala kutafuta mfadhili, wala kutuma simu. Watoto huhesabu ahadi.

Ageni kwa mtendaji kama mlivyobisha hodi. Ombeni barua fupi ya shule inayosema mlifanya nini na lini. Itawafaa kwenye maombi ya kazi na mafunzo kwa vitendo.

Mkirudi, mhazini atume hesabu kwa kila mzazi ndani ya wiki moja, na picha za risiti. Salio ligawanywe sawa, au mkikubaliana wote, linunue madaftari yatumwe kwa basi kwa jina la shule. Januari, matokeo ya kidato cha pili yakitoka, kiongozi ampigie mwalimu na kumuuliza mada zipi bado zinawasumbua, ili wadogo zenu watakaomaliza Mei inayofuata wapate pa kuanzia.